Kitanda Kisicho na Ukoo

Mwanjelwa, Mbeya.

Kwa wifi yangu Yustina, huko nyumbani Kalenga.

Kamwene wifi. Nakusalimia kwanza, maana salamu haigombani na mtu. Mama ameamkaje? Jicho la kulia bado linatoa machozi asubuhi? Na ule mguu wake unaoshikwa na baridi, unaukanda kwa maji ya moto au unamwambia utapoa wenyewe? Shemeji anaendeleaje na mafundi wake wa baiskeli? Sisi huku tunapumua. Baridi imekaa ndani ya mifupa, hata maharage yanachelewa kuiva. Mimi kifua kilinibana, nikachemsha tangawizi, kimeachia. Kaka yako mwili ni mzima, ila chakula hali, na hiyo ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Ningekupigia simu. Nilipiga, ukapokea, ukasema, "Wifi, mtandao unakata," huku nasikia kuku wanatetea vizuri kabisa na mtu anapasua kuni. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Na simu ya Mama unatembea nayo wewe. Basi nimeandika. Karatasi haina mtandao wa kukata.

Barua hii anakuja nayo katekista wenu, alikuwa huku kwenye semina yao. Nimemwomba aisome kwa sauti mbele ya Mama, ndipo akuachie. Kwa hiyo wifi, kama sauti unayoisikia sasa hivi ni ya katekista, kaa chini. Usiende kuangalia sufuria jikoni. Na mfuko aliokuja nao asikupe wewe, aushike mpaka nitakapousema humu ndani.

Mama, shikamoo. Mimi mkweo Mama Lusungu. Nisamehe kama nitapandisha sauti ndani ya nyumba yako.

Sasa wifi. Jumapili baada ya misa kaka yako alimpata Mama kwa simu ya katekista huyuhuyu. Alitaka kumwambia kwamba hospitali imempangia mwisho wa mwezi huu, daktari wa macho atakuwepo, aje mapema apumzike na safari. Mimi nilikuwa napepeta mchele pembeni, nikasikia sauti ya Mama inatoka kwenye simu, ndogo kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Akasema, "Mwanangu, nimeambiwa kitanda mlichonitandikia ni kitanda chenu wewe na mkeo. Mimi siwezi kulala hapo. Niacheni na giza langu, nimeshalizoea."

 Kaka yako aliweka simu mezani kifudifudi kama sahani iliyooshwa. Tangu siku hiyo anaukanda ugali kwenye vidole mpaka unapoa, anasema ameshiba.

Aliyemwambia Mama maneno hayo ni nani? Katika ukoo mzima ni mtu mmoja tu aliyekuja Mbeya akaingia chumba kile akalala humo. Ni wewe.

Unajua ulichosema, wifi, usijifanye mtoto. Ungesema kitanda kina kunguni, Mama angecheka akaja. Ungesema nyumba yetu inavuja, angekuja na mwavuli. Wewe ulichagua neno moja ambalo Mama hawezi kulivuka. Mzazi halalii kitanda cha mwanawe aliyeoa, hilo hata mtoto wa Kalenga anayelisha mbuzi analijua. Mimi aliyenifundisha ni Mama mwenyewe. Nilipokuja bibi harusi, mvua ilimnyeshea anatoka kukata milulu ya vikapu vyake, nikamwambia aingie chumbani kwetu ajilaze, kuna blanketi zito. Alisimama mlangoni maji yanamtiririka, akanishika kidevu, akasema, "Binti, una moyo mzuri ila hujafundwa. Mimi nikilala hapo nimelala juu ya aibu ya mwanangu." Akajifunika kanga yenye maji, akaenda kuota moto. Mtu niliyefundishwa hivyo, kwa kushikwa kidevu, leo ndiye nimtandikie kitanda changu?

Ngoja nikueleze chumba kile kilivyotokea, maana ulikilalia hukukiuliza.

Kilikuwa stoo ya mchele, unakikumbuka. Daktari aliposema Mama aletwe, kaka yako akawa wa kwanza kusema, "Tumpe kitanda chetu, ni cha mninga, sisi tulale chini." Mwanaume huyo, kichwa chake kikishachoka na lori na barabara ya Ubaruku, anasahau hata mila za kwao. Nikamwambia, "Baba Lusungu, unataka mama yako alale kwenye mkeka sebuleni kwa kukwepa kitanda chako? Maana ndivyo atakavyofanya."  Nikasema nitatafuta kitanda. Kipya hatukiwezi. Nitatafuta kilichotumika, ila kiwe cha mtu tusiyemjua, asiyetujua, ambaye hatujawahi kula naye wala kuzika naye.

Nilizunguka mpaka visigino vikapasuka. Nyuma ya soko huku wapo mafundi wananunua vitanda vikuukuu, wanavipiga msasa, wanapaka vanishi, wanauza. Nikakipata kimoja kizuri kweli, kichwa chake kimechongwa. Nikamuuliza fundi, "Kimetoka kwa nani?"

Akasema, "Mama, kitanda hakina ukoo. Angalia mbao."

Nikamwambia, "Kwenu hakina. Kwetu kina."

Akaniona mwehu. Lakini nikamng'ang'ania mpaka akampigia aliyemuuzia, na wifi, jina alilolitaja la mwenye kitanda lilikuwa jina la ukoo wenu. Mtu wa Iringa amehamia huku. Inawezekana hata si ndugu, majina yamejaa. Lakini nikafikiri, je kama ni mtoto wa baba mdogo fulani tusiyemjua? Si anakuwa mtoto wa Mama huyo? Nikakiacha. Fundi akaniita nirudi, ananipunguzia, anasema, "Mama, nakupa na chaga mpya." Nikaenda zangu nikitazama nyuma kama niliyemwacha mtoto.

Kile ulicholalia nilikipata baadaye kwa fundi mwingine. Kilikuwa cha mwalimu wa huko kanda ya ziwa, amehamishwa, hakuna anayetujua wala tunayemjua. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, ukafungwa kibao. Kitanda cha mgeni kabisa. Hakina mwiko wowote, wifi. Kitanda cha mtu nisiyemjua ni safi kwa Mama kuliko changu cha mninga. Hiyo ndiyo heshima niliyoitafuta juani.

Godoro nilinunua jipya, maana godoro linatunza jasho la mwenyewe. Vingine vyote ni vya mkono wa pili na sijifichi. Rangi ya ukuta ni mabaki ya fundi aliyekuwa anapaka nyumba ya wageni huku barabarani, aliniuzia nusu ndoo ya nyeupe na kopo la kahawia, nikakoroga na mwiko wa ugali, ukuta ukatoka kama chai ya maziwa. Zulia la pale mbele ya kitanda ni kipande cha zulia la ofisi, nimelishona kingo, ili Mama akishusha miguu asikanyage saruji ya Mbeya. Kiti cha mikono nilikitoa kwa mama mmoja anayehama. Na ile kamba ya katani niliyoipigilia ukutani kutoka kitandani mpaka mlango wa choo, uliyoniuliza kama naanika nguo humo ndani, ni ya Mama kushika akitembea.

Na kioo. Kioo nitakisema, maana kilinichoma.

Kilikuwa kimemeguka pembe kwa hiyo hakuna aliyekitaka. Nikakipachika kwenye ukuta wa mbele ya kitanda, nikakifunika na kitambaa cheupe. Wewe ulikifunua, ukacheka mpaka ukashika ubavu. Ukasema, "Wifi, kioo cha kipofu hiki? Ungemnunulia na redio ya kiziwi." Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Nilikumiminia chai yako, nikaweka sukari, nikatoka. Sikukujibu, nilifikiri utachoka. Nakujibu leo. Kioo kile ni cha asubuhi watakayomfungua bandeji. Nilitaka kitu cha kwanza atakachokiona kwenye nyumba ya mwanawe kiwe uso wake mwenyewe, amwone mama yake mzazi alivyorudi ndani yake, kama wazee wanavyosema. Mpaka siku hiyo kifunikwe. Wewe kila asubuhi ulikuwa unakifunua unafunga kilemba mbele yake. Kilikufaa.

Ulikuja umesema umeleta maharage. Maharage yalikuwa machache kuliko macho yako. Ulipitisha kidole juu ya kila kitu. Ulinusa foronya. Ukaniuliza, "Aliyelalia shuka hizi kabla yangu alikuwa mzungu hai au mzungu marehemu?" Nikakwambia mimi simjui, alivua akaondoka. Tukacheka wote wawili, na wifi, mimi nilicheka kwa kweli. Nilifikiri ni mambo ya mawifi, ya kuchokozana, yanaisha na chai. Nilikupikia mchele wa Ubaruku ule unaonukia, nikakupa na wa kubeba. Sikujua umekuja kuchukua neno.

Sasa tufike kwenye kitambaa.

Kitambaa cha kutandika juu ya kitanda cha Mama ni pazia la mtumba. Nilikuwepo siku wanafungua belo. Lilikuwa zito, kubwa kama turubai, la kijani, katikati limedariziwa ndege mmoja mwekundu kwa uzi mnene. Sijui ndege wa wapi, mkia wake mrefu kuliko yeye. Nikalipeleka kwa dada wa cherehani pale karibu na meza yangu ya mchele. Akalipima, akasema, "Mama Lusungu, hili kubwa, linatoa vipande viwili. Lakini nikikata katikati ndege anakatika."

Nikamwambia, "Akatike. Mama haji Mbeya kuangalia ndege."

Tukacheka. Akakata, akapiga pindo. Kipande chenye kichwa na bawa kikaenda moja kwa moja kitandani kwa Mama. Kipande chenye mkia kikawa pazia la dirisha la chumbani kwetu, kwa sababu lile la zamani lilikuwa limeshakuwa kama chandarua. Hakuna kipande kilichogusa kitanda chetu. Hata siku moja. Vilitoka kwenye belo, vikaenda kwenye maji, vikaenda kwenye mkasi, kila kimoja kikashika njia yake.

Na wewe ukamwambia Mama, "Kitambaa walichokutandikia ni cha seti moja na cha chumbani kwao, wamekihamisha na kitanda chake." Mama alimwambia kaka yako hivyo hivyo kwenye simu ileile, neno kwa neno. Umeona kichwa kwenye kitanda na mkia dirishani, ukajenga nyumba nzima.

Haya. Nakuuliza, na katekista asome polepole hapa. Umeujuaje mkia?

Dirisha letu linatazama nyuma, kwenye ukuta wa jirani, hakuna anapopita mtu. Ukiwa nje huoni. Mlango wa chumba chetu naufunga na kamba kila asubuhi kabla sijaenda sokoni. Kaka yako wiki ile alikuwa na lori Ubaruku kwenye mashine za mchele. Nyumbani ulibaki peke yako. Mkia wa yule ndege hauonekani mpaka mtu afungue kamba, asukume mlango, aingie, asimame kwenye miguu ya kitanda cha kaka yake aliyeoa, ndipo autazame. Nilirudi siku ile nikakuta kamba imefungwa fundo la kwenu, la kufungia mbuzi. Nikajisemea labda nimezeeka, nimefunga mwenyewe nimesahau. Nilijilaumu mimi, wifi. Nilimwambia hata dada wa cherehani kwamba akili yangu inaanza kutoboka.

Umekwenda kumtisha Mama na mwiko wa kitanda cha mwanawe, na wewe umesimama kwenye kitanda cha kaka yako, mtu mzima, unakikagua. Mama hakukufundisha hivyo. Mimi kidevu changu kilishikwa. Chako hakikushikwa?

Sasa ile sababu nimeitafuta usiku na mchana, maana mtu haamki tu akamfungia mama yake gizani. Nimefikiri labda unaogopa. Watu wa Kalenga watasema Yustina alishindwa, mke wa kaka ndiye aliyempa mama macho. Kama ni hilo, mimi nitasimama kanisani kwenu niseme nani amemwogesha Mama, nani amemtoa mwiba, nani amemwongoza chooni kwenye matope miaka yote hii. Ni wewe. Hilo sikunyimi hata nikiwa na hasira hivi. Sisi tulituma, wewe ulishika. Kutuma si kushika.

Lakini kama ni sababu nyingine, kwamba Mama akifunguliwa jicho ataanza kutafuta kuku wake weupe na atauliza wamekwenda wapi, hilo mimi simo. Jibu la kuku utampa mwenyewe. Afadhali Mama akugombeze kwa ajili ya kuku huku anakuona kuliko akubariki huku hakuoni.

Daktari alisema lile la kushoto limeshakwenda, tulichelewa. La kulia bado linafunguka, ila lisingoje tena. Nafasi ni hii ya mwisho wa mwezi. Ikipita, sijui. Nikiwaza hilo nashindwa hata kupima kilo sawasawa, jana mteja amenirudishia mchele anasema, "Mama, umenizidishia." Mimi nazidisha mchele kwa sababu ya mdomo wako.

Katekista, sasa naomba umpe Mama mfuko.

Mama, mimi sina maneno ya kujitetea, na wewe hukuwahi kuamini maneno, ulikuwa unaamini mikono. Humo ndani kuna vipande viwili. Nimevifua na kuvipiga pasi. Cha juu ndicho kilichokuwa kitandani kwako. Cha chini kilikuwa dirishani kwetu. Ni pazia, Mama, halijalaliwa na mtu, ila kama hutaki kulishika mwambie katekista alishike yeye, wewe ushike kingo tu. Pitisha vidole pembeni. Upande mmoja utakuta pindo jembamba la kiwandani, limenyooka kama mstari wa daftari. Upande wa pili utakuta pindo nene la cherehani ya Mwanjelwa, limepinda pale dada alipogeuka kumjibu mteja. Vyote viwili viko hivyo. Viweke pindo nene kwa pindo nene. Utamkuta ndege kwa kidole, uzi umenyanyuka, anzia mdomoni, shuka shingoni, fuata bawa, vuka mshono, utaukuta mkia unapoanzia. Umesuka vikapu maisha yako yote, unajua kutofautisha kitu kimoja kilichokatwa na vitu viwili vinavyofanana. Vidole vyako vikisema ni seti ya kitanda changu, nitanyamaza, nitalitafutia jicho lako njia nyingine. Vikisema ni ndege mmoja, basi ujue kitanda chako kimesimama peke yake, hakijui mtu wa ukoo wetu, na kinakungoja wewe.

Mwanao atakuja Alhamisi na lori akitoka kushusha mzigo Iringa mjini. Hatauliza chochote. Atasimama nje, atapiga honi. Mama, ukitoka na kikapu chako atajua. Usipotoka atageuza gari, na mimi nitafunua kile kioo nikiuze.

Wifi, mpakie nguo nzito. Kanga mbili, sweta lile la kijivu, na soksi za sufu, siyo za nailoni. Dawa yake ya mguu usiisahau nyuma ya mlango. Na kama utaona vyema, panda na wewe. Nimekasirika, lakini Mama akitoka chumba cha upasuaji atatafuta sauti aliyoizoea, na sauti hiyo ni yako, siyo yangu. Utalala naye chumba kilekile. Kiti cha mikono kinakunjuka.

Nisalimie shemeji, mwambie baiskeli ya kaka yako bado inadai mnyororo. Msalimie mama mkubwa anayeuza vikapu barabarani, mwambie nilivyochukua vyote vimeisha na nitamletea chake. Msalimie na mke wa katekista, ambaye nimemchukulia mume wake zamu ya leo ya kusoma.

Mimi ni mke wa kaka yako na mama wa Lusungu, ambaye bado anakuita wifi.

Nimesahau moja. Pazia nimeshakuletea huko, kwa hiyo dirisha letu liko wazi na kaka yako anavalia nyuma ya mlango. Siku ukija tena ukawa na hamu ya kuona chumba chetu, usihangaike kufungua kamba. Zunguka nyuma, chungulia.